Kadi tatu katika pochi moja: namna ya kuzipanga ili makuta isipotee

Siku hizi katika miji yetu ya mashariki, mtu mmoja anaweza kuwa na kadi ya banki ya mshahara, kadi nyingine ya kazi ya shirika, na tena makuta ya simu kwa rezo mbili. Wengi wetu hatukuchagua hali hii, tulijikuta ndani yake tu. Katika makala hii tunaeleza kila kadi inatumika kwa nini, makuta inakatwa wapi, na ufanye nini siku pochi inapotea ama banki inafunga milango.

Nianze na yangu, sababu mimi pia nililipa masomo haya.

Ilikuwa siku ya posho, saa ya mangaribi, hapa Butembo, katikati ya soko. Nilinunua maharagwe na mafuta, nikaingiza mkono mfukoni ili nilipe mama muuzaji. Pochi haikuwamo. Ndani yake kulikuwa kadi mbili za banki, kadi moja ya kulipiwa mbele niliyopewa wakati wa mafunzo, kadi yangu ya uchaguzi, na kikaratasi kidogo nilichoandika kode zote tatu. Ndiyo, niliziandika. Nilikuwa nachanganya kode ya kadi hii na ya ile, basi nikaona karatasi ni dawa.

Nilitaka kupigia banki simu ili wafunge kadi. Namba ya kupigia iko nyuma ya kadi, na kadi iko kwa mwizi. Kesho yake siku ya yenga, banki imefungwa. Siku ya kwanza asubuhi nilifika ku gishe wa kwanza kabisa. Waliniomba kitambulisho. Kitambulisho nacho kilikuwa katika pochi. Nikarudi komine kutafuta karatasi ya kushuhudia kwamba vitambulisho vimepotea. Saa niliyofaulu kufunga kadi, mwizi alikuwa amekwisha kutosha makuta mara mbili: dola 280, makuta ya nyumba na ya masomo ya watoto. Mfanyakazi wa banki aliniuliza swali moja: «Kode alitoa wapi?» Nilinyamaza.

Tangu siku ile nimeuliza watu wengi, nimesoma karatasi za banki zenye hakuna mtu anasoma, na nimebadilisha namna yangu ya kubeba kadi. Haya ndiyo niliyoelewa.

Kwa nini kadi zinaongezeka

Zamani mshahara wa serikali ulikuwa unalipwa mkono kwa mkono. Kuanzia mwaka wa 2011, serikali ilianza kupitisha mishahara ya wafanyakazi wake katika banki. Mwalimu, muuguzi, polisi, kila mmoja aliambiwa: mshahara wako uko katika banki fulani. Si yeye aliyechagua banki. Ni huduma yake iliyopangiwa.

Kiisha mwalimu huyo anapata kazi ndogo ya miezi mitatu katika shirika. Shirika nalo linafanya kazi na banki yake, linamwambia afungue konti kule. Kadi ya pili hiyo. Mfanyabiashara naye anafungua konti karibu na duka, kiisha anafungua nyingine kwa ajili ya safari za Kampala ama Dubai, sababu kadi ya kwanza haikutumika vizuri nje ya inchi. Juu ya hayo yote kuna makuta ya simu: M-Pesa iliingia Kongo mwaka wa 2012, na rezo nyingine ziko na yake vilevile. Mteja mmoja ananunua kwa rezo hii, ndugu wa kijijini yuko kwa rezo ile. Basi mtu anabeba zote.

Kuna pia sababu ya woga, na woga huo una msingi. Mwaka wa 2016 banki ya BIAC iliingia katika shida, wateja wakawekewa kipimo cha kutosha, wengine wakakaa muda mrefu makuta yao iko ndani na hawawezi kuigusa. Watu wa umri wetu hawajasahau. Na mwaka wa 2025, kuanzia mwisho wa mwezi wa kwanza kule Goma na mwezi wa pili kule Bukavu, banki zilifunga sababu ya vita. Mtu aliyekuwa na makuta yote mahali pamoja alijua maana ya sentensi hii: makuta iko, lakini haiko.

Kwa hiyo kuwa na kadi zaidi ya moja si ujinga. Ujinga ni kuwa nazo bila kujua kila moja iko kwa kazi gani.

Kadi si makuta, ni ufunguo

Watu wengi wanasema «makuta iko mu kadi». Kwa kadi nyingi si kweli. Makuta iko katika konti, pale banki. Kadi ni ufunguo wa kufungua konti hiyo. Ukipoteza ufunguo, nyumba ingali pale, lakini aliyeokota ufunguo na anajua kode anaweza kuingia mbele yako. Njo maana kazi ya kwanza ukipoteza kadi ni kuifunga, si kuitafuta.

Aina za kadi tunazokutana nazo hapa kwetu ni tatu.

Ya kwanza ni kadi iliyofungwa kwa konti yako. Unachotosha kinakatwa palepale. Karibu kadi zote za mshahara ni za namna hii.

Ya pili ni kadi ya kulipiwa mbele. Unaweka kwanza makuta ndani, kiisha unatumia. Ikiisha, imeisha. Hii haigusi konti yako kubwa. Nzuri kwa safari, kwa kununua vitu ku intaneti, ama kwa kumpa mtoto anayesoma mbali.

Ya tatu ni kadi ya mkopo wa kweli: banki inakukopesha, unarudisha mwisho wa mwezi pamoja na faida. Kwetu ni wachache walio nayo. Ukipewa, soma vizuri tarehe ya kulipa na kiasi cha faida mbele ya kusaini.

Tazama pia tarehe iliyoandikwa mbele ya kadi, mwezi na mwaka. Kadi inakufa siku hiyo, hata kama konti imejaa. Wenye kadi nyingi wanasahau, na wanakuja kugundua wakiwa safarini. Andika tarehe hizo nyumbani, na uombe kadi mpya mwezi mmoja ama miwili mbele.

Kila kadi na kazi yake

Mpango niliouona kwa watu wanaofaulu ni rahisi. Hawana kadi ya «kila kitu».

Kadi ya kwanza ni ya mshahara na akiba. Hii haitembei. Inabaki nyumbani mahali palipofichwa, inatoka mara moja ama mbili kwa mwezi, siku ya kutosha ama ya kupeleka makuta mahali pengine.

Ya pili ni ya matumizi. Unaipimia makuta ya juma moja ama ya majuma mawili. Ikiibiwa, unapoteza kiasi hicho, hupotezi mwaka mzima. Kwa wengi wetu hii si lazima iwe kadi ya banki. Katika soko letu hakuna mashine ya kulipia kwa kadi. Unaikuta katika hoteli kubwa, alimantasio chache, stasio fulani za mafuta. Mama wa mboga na motari wanataka faranga mkononi, na wengine wanakubali makuta ya simu. Kwa hiyo «kadi» yako ya matumizi inaweza kuwa simu. Banki nyingi sasa zinaunga konti na makuta ya simu, unavuta kiasi unachohitaji ukiwa nyumbani. Uliza banki yako kama yako imeungwa, na kwa rezo gani.

Ya tatu, kwa wanaoihitaji, ni ya safari na intaneti. Inakaa karibu tupu. Unaiwekea makuta siku ile ya kusafiri ama ya kununua.

Kama uko na kadi ya nne na ya tano, jiuliza: nimeitumia lini? Ikiwa miezi sita imepita, nenda ku gishe, funga konti hiyo kwa maandishi, uombe karatasi ya kuonyesha kwamba imefungwa. Kuitupa kadi tu katika kabati si kuifunga. Konti inaendelea kuishi, na inaendelea kukatwa.

Makato madogo yanayokula polepole

Hapa ndipo wengi wanalia bila kujua anayewapiga. Kuwa na konti kunalipiwa kila mwezi katika banki nyingi. Kadi yenyewe inalipiwa kwa mwaka ama siku ya kuipata. Kutosha ku mashine ya banki nyingine kunakatwa zaidi kuliko ku mashine ya banki yako. Ujumbe unaokuja ku simu kila mara makuta inapotoka, katika banki fulani nao unalipiwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kila konti inakatwa dola 2 kwa mwezi. Konti moja ni dola 24 kwa mwaka. Konti tatu ni dola 72. Kama mbili kati ya hizo huzitumii, umetupa dola 48. Nyumbani kwako dola 48 ni kitu gani? Ni hesabu ya mfano, kila banki iko na bei yake. Omba karatasi ya bei ku gishe. Ni haki yako kujua unalipishwa nini.

Kwa makuta ya simu, makato yanakuja hasa wakati wa kutosha. Ukitosha kidogo kidogo mara tano, mara nyingi unakatwa zaidi kuliko ukitosha mara moja. Na kama ajenti anaongeza yake juu ya bei ya rezo, muulize kwa upole: «Papa, hii ya juu ni ya nini?» Wakati makuta ya karatasi imekuwa chache mjini, maajenti wanapandisha. Ukijua siku za mishahara zinakaribia, tosha mbele kidogo kama unaweza.

Tena jambo moja: kadi yako ya mshahara isiwe dhamana ya deni. Sisi wote tunajua wanaoitwa «banki Lambert». Si banki, ni mtu wa mtaani anayekopesha kwa faida kubwa. Anachukua kadi yako na kode yako, na mwisho wa mwezi anatangulia ku mashine mbele yako. Anatosha deni, anatosha faida, anakuachia kinachobaki. Mwalimu mmoja jirani yangu alikaa hivyo karibu mwaka mzima. Siku aliyotaka kutoka, hakuvunja deni, aliomba kulipa kwa mkono mbele ya watu wawili wa familia, kiisha akaomba kode mpya ku banki. Deni lililipwa. Lakini kadi ilirudi kwake. Ukikopa, andikishana deni. Kadi na kode, hapana.

Dola ama faranga?

Kwetu tunaishi na makuta mbili. Nyumba na gari ni dola, mboga na moto ni faranga. Konti zetu nazo ni mbili mbili, ya dola na ya faranga, hata katika simu. Mbele ya kubonyeza, tazama unatosha katika konti gani.

Mfanyakazi wa serikali analipwa faranga. Kama mashine inatoa dola tu, banki inageuza faranga zako kwa bei yake. Kiisha unapeleka dola kwa kambisti ili upate faranga za soko, na kambisti naye anageuza kwa bei yake. Umepoteza mara mbili kwa makuta ileile. Kama mashine ama gishe inatoa faranga, na unajua utanunua vitu vya faranga, tosha faranga. Tatizo ni uzito: noti yetu kubwa ni ya 20,000, na mara nyingi wanakupa ndogo zaidi, furushi nzima. Lakini kubeba furushi ya makuta ya siku mbili ni afadhali kuliko kupoteza katika kugeuza.

Na tusisahau vile bei ya dola inaweza kucheza. Kwa muda mrefu katika 2024 na 2025 dola 1 ilikuwa inazunguka juu ya faranga 2,800. Kuelekea mwisho wa 2025 ikateremuka chini ya 2,500. Aliyekuwa ameweka akiba yote katika dola aliona faranga zake zinapungua, wakati bei ya unga sokoni haikuteremuka kwa mbio ileile. Aliyelipwa faranga alipumua kidogo. Fundisho lake si kwamba dola ni mbaya. Weka katika kila konti makuta inayofanana na matumizi yako: ukilipa nyumba kwa dola, weka dola ya nyumba, ukila kwa faranga, weka faranga ya chakula.

Kuna jambo lingine ambalo wenye dola mkononi wanalijua. Noti iliyopasuka kidogo tu pembeni, kambisti anairudisha. Ukipewa dola ku gishe, zitazame moja moja mbele ya kuondoka hapo. Ukiisha kuvuka mlango, hiyo ni yako.

Namna ya kubeba

Sheria ya kwanza: kadi na kitambulisho visilale katika pochi moja. Kosa langu kubwa lilikuwa hilo, kubwa kuliko hata kupoteza kadi. Bila kadi ya uchaguzi, banki haikutambui, na hata rezo haikurudishii namba yako ya simu. Vyote vinafungana. Piga picha ama fotokopi ya kadi yako ya uchaguzi, mbele na nyuma, uiache kwa mtu wa nyumba unayemwamini, na nyingine katika kitabu nyumbani.

Sheria ya pili: beba kadi moja tu ya siku hiyo. Unaenda soko? Kadi ya mshahara ibaki. Hakuna sababu ya kutembeza konti zote katika umati wa watu.

Sheria ya tatu: mahali pa kuweka. Mfuko wa nyuma wa suruali ni mlango wazi kwa mwizi, zaidi ukiwa juu ya moto ama katika basi. Mama zetu wanaofunga makuta katika kitenge, pembeni ya kiuno, wamegundua ulinzi huu mbele ya banki kufika hapa. Kadi nayo inaweza kukaa hapo.

Sheria ya nne: simu pia ni pochi. Iko na makuta, iko na ujumbe wa banki. Iwekee kode ya kuifungua, na isiwe tarehe ya kuzaliwa. Usiache sim kadi iliyo na makuta katika simu ya zamani wanayochezea watoto.

Kode: namna ya kutoandika na kutosahau

Kadi nyingi zinafungwa ukikosea kode mara tatu. Mtu mwenye kadi tatu anaogopa kusahau, ndipo anaandika. Wengine wanaweka kode moja kwa kadi zote na kwa simu vilevile. Ni rahisi, lakini mwizi akipata moja, amepata zote.

Njia ya kati ni hii. Chagua kwa kila kadi namba inayotoka katika jambo unalolijua wewe tu: mwaka mkubwa wa familia ambao si wa kuzaliwa kwako, namba ya nyumba ya zamani ya baba, namba ya kwaya mlizoimba. Usitumie 1234, wala 0000, wala mwaka uliozaliwa, sababu huo uko juu ya kadi ya uchaguzi. Kama lazima uandike, usiandike karibu na kadi, na usiandike kwa wazi.

Ukiwa ku mashine, funika mkono wako kwa mkono mwingine. Mtu akikuja kusema «nikusaidie», mshukuru na utoe kadi. Kwa wazee wetu wasiojua kutumia mashine, aende nao mtoto wa nyumba, tena mmoja tu, yuleyule kila mara. Ama waende ku gishe ndani, hata kama mstari ni mrefu.

Na wale wanaopiga simu wakisema «niko mfanyakazi wa banki, kuna namba imefika katika simu yako, nisomee»: usisome. Namba hiyo ni ufunguo wa mara moja. Banki haihitaji wewe uisome. Vilevile namba tatu zilizo nyuma ya kadi, usimpe mtu na usipige picha ya kadi kumtumia hata rafiki. Anaweza kununua vitu ku intaneti bila kushika kadi yako.

Kwa wanaovuka Kasindi

Wafanyabiashara wetu wengi wanapita Kasindi kuingia Uganda. Kadi yenye alama ya Visa ama Mastercard inaweza kutosha shilingi kule, lakini mbele ya kutoka fanya mambo matatu.

Uliza banki kama kadi yako imefunguliwa kwa matumizi ya nje. Banki fulani zinaifunga mpaka uombe. Kiisha uliza kipimo cha kutosha kwa siku, usije ukaahidi muuzaji wa Kampala makuta ambayo mashine haitakupa siku ileile. Na uulize makato, sababu kule unaweza kukatwa pande mbili: banki yenye mashine na banki yako.

Wakati mwingine mashine ya nje inakuuliza: tukukate kwa dola ama kwa shilingi? Kwa kawaida chagua shilingi, makuta ya inchi ile. Ukichagua dola, mashine yenyewe inageuza kwa bei yake, na mara nyingi bei hiyo ni mbaya.

Usisafiri na kadi moja tu. Mashine ikiimeza siku ya posho, utalala na njaa mpaka siku ya kwanza. Kadi mbili za banki tofauti, zimewekwa mahali tofauti, na faranga ama dola kidogo ya kurudi nyumbani.

Siku banki zinafunga

Ndugu waliokimbia Goma na Bukavu walitufundisha jambo hili kwa machozi yao. Banki zilipofunga, kadi haikuwa na mashine ya kuisoma mjini. Waliobaki wenye kadi, wengine walivuka mpaka mpaka Gisenyi ama Rusizi kutafuta mashine. Wengine waliishi kwa makuta ya simu, huku makuta ya karatasi imekuwa chache na maajenti wakikata kiasi kikubwa. Wengine waliotoka mbio waliacha kadi juu ya meza.

Kwa sisi wa majimbo haya, kupanga kadi si mambo ya starehe. Kila nyumba iwe na vitu vitatu. Kwanza, makuta kidogo ya karatasi, noti ndogo ndogo, ya chakula na usafiri wa siku chache; si nyingi, sababu nyumba nayo inaibiwa. Pili, makuta kidogo katika simu, tena kwa rezo mbili kama unaweza, sababu rezo moja inaweza kukatika siku ileile unayoihitaji. Tatu, bahasha moja yenye kadi ya akiba na fotokopi za vitambulisho, ambayo baba na mama wote wawili wanajua iko wapi. Ukisema «kila mtu chukua mtoto tukimbie», bahasha hiyo isitafutwe.

Tena, mwenzako wa nyumba ajue kama kuna konti na iko banki gani. Si lazima ajue kode. Katika vita watu wanaachana njiani, na wengine wanakufa. Mjane asiyejua jina la banki ya bwana wake hatajua hata pa kuanzia.

Ukipoteza: fuata mpangilio huu

1. Piga simu banki palepale. Namba hiyo iandike leo katika simu yako, na katika simu ya mtu wa nyumba. Usiitegemee iliyo nyuma ya kadi. Banki fulani zinakuwezesha pia kufunga kadi kwa programu ya simu.

2. Kama simu nayo imepotea, piga kwa simu ya jirani, funga kwanza sim kadi na makuta ya simu, kiisha kadi. Ama anza na ile yenye makuta mengi.

3. Andika saa uliyopiga simu na jina la aliyekujibu. Makuta ikitoka nyuma ya saa hiyo, uko na neno la kusema.

4. Nenda komine ama polisi kuomba karatasi ya upotevu wa vitambulisho. Beba fotokopi uliyoiacha nyumbani. Hapo utaelewa faida yake.

5. Nenda ku gishe na karatasi hiyo, omba kadi mpya na kode mpya, pamoja na orodha ya makuta iliyotoka siku hizo.

6. Badilisha kode ya kadi nyingine ikiwa zilifanana.

Mimi nilifanya namba 4 mbele ya namba 1, sababu sikuwa na namba ya banki. Hiyo ndiyo dola 280.

Sasa niko na kadi mbili tu. Moja inalala nyumbani, nyingine natembea nayo siku za lazima. Ile ya kulipiwa mbele niliifunga. Fotokopi ya kadi yangu ya uchaguzi iko kwa yaya wangu, kule Beni, na namba ya banki iko katika simu ya bibi yangu. Mwezi uliopita nilifikiri nimepoteza kadi tena. Bibi yangu alipiga simu banki, ikafungwa kwa dakika chache. Kiisha tukaikuta chini ya kitanda. Nililipa bei ya kuifungua upya na nilicheka.

Basi, ndugu msikilizaji na msomaji, jioni ya leo mwaga pochi yako juu ya meza. Hesabu kadi, tazama tarehe, tosha kitambulisho mahali pake, andika namba za banki. Ni kazi ya nusu saa, na haiombi hata faranga moja.